Je, uchungu wa nyongo huua sukari?



Dominika moja, baada ya Misa ya kwanza, mzee mmoja wa parokia yetu alinishika mkono mbele ya mlango wa kanisa, akanivuta kando chini ya mti wa avoka. Mzee huyo amefundisha katekismu zaidi ya miaka 30, nami ni mmoja wa watoto aliowatayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Kwa hiyo mimi ningali namwita Baba. Naye huniita Mwalimu mbele ya watu, na mwanangu tukiwa wawili tu.

«Mwanangu,» akaniambia, «vidonge vya hospitali nimeviweka chini. Nimepata dawa.»

Nikamwuliza ni dawa gani. Akanieleza kwamba kila mbuzi anapochinjwa mtaani yeye huomba nyongo yake, huichanganya na maji ya vuguvugu, akainywa alfajiri kabla ya kula kitu. «Ugonjwa wangu ni wa sukari,» akasema. «Sukari ni tamu, nyongo ni chungu. Uchungu hushinda utamu, kama maji yashindavyo moto. Wewe uliyesoma seminari, niambie nimekosea wapi.»

Alikuwa ameacha vidonge majuma matatu. Mabega ya koti lake yalikuwa yamelegea, na katika mazungumzo yetu mafupi aliomba maji ya kunywa mara mbili.

Nilimsihi aende kupimwa kesho yake asubuhi, akakubali kwa shingo upande. Lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani, kwa maana si swali la mtu mjinga. Nilisoma, nikauliza wenye elimu ya uganga, na haya ndiyo niliyoyapata. Ninayaandika hapa kwa sababu nimekwisha kusikia mambo ya uchungu na sukari katika nyumba nyingi, si kwake peke yake. Tena, kumbe, nyongo na ugonjwa wa sukari vina undugu kweli! Ila undugu huo haupiti katika ulimi.

Katika lugha yetu nyongo haina sifa njema. Mambo yakiharibika twasema yametumbukia nyongo. Mama akimfundisha binti kupasua kuku, onyo la kwanza ni kuangalia kifuko kile cha kijani kisipasuke, maana tone moja laharibu nyama yote. Wayunani wa kale, walioufuata uganga wa Hippokrates, walidhani mwili unatawaliwa na majimaji manne, na mawili kati yake yalikuwa nyongo: nyongo ya manjano iletayo hasira, na nyongo nyeusi iletayo huzuni. Ndipo lilipotoka neno la Kizungu melankolia, yaani nyongo nyeusi. Na katika Maandiko Matakatifu mwajua jinsi askari walivyomletea Bwana wetu divai iliyotiwa nyongo, akaionja akakataa kunywa. Lakini mwajua pia kitabu cha Tobia, ambamo malaika Rafaeli anamwagiza kijana kutunza nyongo ya samaki, na kwa nyongo hiyo baba yake kipofu anapata kuona tena. Baba Katekista hakukosa kunikumbusha habari hiyo. Nikamjibu kwamba Tobia aliipaka machoni pa baba yake. Hapana mahali palipoandikwa kwamba mzee yule aliinywa.

Sasa tuingie mwilini. Nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku. Sehemu yake huwekwa akiba katika kifuko kidogo kilichojificha chini ya ini, na huko maji hupunguzwa mpaka nyongo iwe nzito. Chakula chenye mafuta kikifika katika utumbo mwembamba, kifuko hujikaza na kuimimina. Kazi yake ya kwanza ni kama kazi ya sabuni. Mjaribu kuosha kwa maji matupu sahani iliyokuwa na mawese: maji hupita juu, mafuta hubaki. Tia sabuni, na mafuta yanavunjika kuwa matone madogo yasiyoonekana. Ndivyo nyongo ifanyavyo tumboni, na pasipo kazi hiyo mwili hauwezi kupata sawasawa faida ya mafuta, wala ya vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta, kama vile vitamini A tunayoipata katika mawese yenyewe.

Kitu kinachofanya kazi hiyo ya sabuni huitwa asidi za nyongo. Wanafunzi wasitishwe na neno asidi. Hapa si kitu cha kuunguza kama maji ya betri. Na hizo asidi ini huzitengeneza kwa nini? Kwa kolesteroli, yaani mafuta yale yale ambayo watu wa mjini wameanza kuyaogopa kwa sababu ya moyo na mishipa. Hata jina lake latoka huku: kwa Kiyunani khole ni nyongo, na stereos ni kigumu. Kolesteroli ilionekana kwanza katika vijiwe vya nyongo, na Mfaransa Chevreul akaipa jina mwanzoni mwa karne ya 19. Kutengeneza nyongo ni njia moja kubwa ambayo mwili unaitumia kuiondoa kolesteroli. Mjerumani Heinrich Wieland alipewa tuzo la Nobel la kemia la mwaka 1927 kwa kuchunguza asidi hizi. Baadaye ilionekana kwamba mchoro wake wa umbo lao ulikuwa na kosa, na mwaka 1932 akashiriki mwenyewe kulisahihisha. Nawaomba wanafunzi wangu wanaoficha daftari lenye alama nyekundu waisome sentensi hiyo mara mbili.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni safari yao. Mngedhani kwamba nyongo ikimaliza kazi yake tumboni hutoka nje pamoja na uchafu. Sivyo. Mwaka 1870 Moritz Schiff alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba nyongo hurudi. Mwishoni mwa utumbo mwembamba asidi za nyongo hufyonzwa, karibu 95 katika kila 100, zikaingia katika mshipa mkubwa wa damu unaotoka matumboni kwenda ini. Ini huzipokea na kuzimimina tena. Fikirini mashua ya ziwa Kivu: haitengenezwi mashua mpya kwa kila safari ya Bukavu na Goma, bali ile ile hupakia, hushusha, hurudi. Mtu mzima ana asidi za nyongo gramu chache tu mwilini mwake, tuseme uzito wa kijiko kidogo cha chumvi, nazo huzunguka mara nyingi kwa siku moja. Ni kama nusu gramu tu inayopotea chooni kila siku, na ini huifidia kwa kuchukua kolesteroli na kutengeneza mpya.

Hapo ndipo hoja ya Baba Katekista inapoanza kudhoofika. Ini lake mwenyewe humimina nyongo karibu lita nzima kila siku, mchana na usiku, tangu alipozaliwa. Kama uchungu ungeua sukari, hapana mtu duniani angeugua ugonjwa huu. Vijiko viwili vya mbuzi vitaongeza nini?

Basi, damu inaingiaje katika habari hii? Nimesema ini huzipokea asidi zinaporudi. Huzipokea nyingi, lakini si zote. Chache huponyoka, zikaingia katika damu inayozunguka mwili wote. Mtu asiyekula tangu jana ana kidogo mno katika damu yake; akisha kula, kiasi hupanda, kisha hushuka. Kwa muda mrefu waganga waliona kiasi hicho kuwa kama maji yaliyomwagika njiani kutoka mtungini, kitu kisicho na maana isipokuwa ini likiugua.

Na hapo niwaambie kina mama neno moja kabla sijaendelea, kwa kuwa nalo ni la nyongo katika damu. Mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwisho, akiwashwa viganja na nyayo, na zaidi usiku, wala hana upele, asidhani ni baridi au sabuni mbaya. Pengine ini lake haliwezi kumimina nyongo vizuri, na asidi zimejaa katika damu. Mama mwenyewe hupona akisha kujifungua, bali mtoto yumo hatarini. Uchunguzi uliokusanya wajawazito wengi na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asidi za nyongo zikifika mikromoli 100 katika lita moja ya damu, hatari ya mtoto kufa tumboni huongezeka waziwazi. Aende hospitali, aseme: ninawashwa. Na mume asimwambie angoje mpaka mwisho wa mwezi.

Turudi kwenye sukari. Mwaka 1999 vikundi vitatu vya watafiti vilitangaza jambo lililobadili mawazo ya wengi. Ndani ya chembe za ini na za utumbo kulikuwa na kitu kilichokwisha kugunduliwa miaka michache nyuma, kama kufuli iliyopatikana bila ufunguo. Waliipa herufi FXR. Kumbe ufunguo wake ni asidi za nyongo! Zikiingia katika kufuli hiyo, chembe hupata amri. Utumbo hupeleka habari kwa ini: nyongo yatosha, usitengeneze nyingine. Na ini hupewa maagizo juu ya mafuta na sukari linazozitunza. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walitangaza kufuli ya pili, iitwayo TGR5, nayo imekaa juu ya ngozi ya chembe. Baadhi ya chembe za utumbo zenye kufuli hii, zikiguswa na asidi za nyongo, hutoa homoni iitwayo GLP-1, na homoni hiyo huliambia kongosho: toa insulini, sukari inakuja.

Mwaona basi. Kile tulichodhani ni maji yaliyomwagika njiani, kumbe ni tarishi. Mlo ukifika, nyongo humiminwa. Asidi zake zikirudi, huenda zikibisha hodi katika milango ya viungo, na kila kiungo hujua kwamba wakati wa kula umefika, kikajipanga kupokea mafuta na sukari. Mimi nimevutwa sana na jambo hili. Mwenyezi Mungu ametumia sabuni ile ile ya kuoshea vyombo kuwa ndiyo barua.

Na tarishi akiharibikiwa? Wachunguzi wamepima damu ya watu wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, watu wenye unene mwingi, na watu ambao ini lao limejaa mafuta. Mara nyingi wamekuta asidi za nyongo zimezidi hata kabla ya kula, na pia mchanganyiko wa aina zake umebadilika. Lakini hapa yafaa tuende polepole. Vyura wakilia na mvua ikinyesha, ni nani aliyemwita mwenziwe? Yawezekana nyongo iliyobadilika husaidia kuleta ugonjwa; yawezekana ugonjwa ndio unaobadilisha nyongo; yawezekana yote mawili hufuatana kama mzunguko. Wenye elimu hawajapatana bado, na aliye mwaminifu husema hivyo.

Kuna jambo linaloonya zaidi dhidi ya haraka. Katika nchi za mali, watu wenye unene wa hatari hupasuliwa, tumbo likafupishwa au njia ya chakula ikageuzwa. Wengi wao waliokuwa na ugonjwa wa sukari huona sukari ikishuka upesi, hata kabla hawajapungua sana. Na asidi za nyongo katika damu yao baada ya upasuaji? Mara nyingi huongezeka! Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na ile kufuli ya FXR hawakupata faida ile ile ya upasuaji wa kupunguza tumbo. Basi kuwa na nyingi katika damu si dhambi peke yake, wala si dawa peke yake. Neno ni aina gani, saa gani, na katika mwili gani. Barua nyingi zinazofika kwa saa yake ni habari. Barua zinazotupwa mlangoni usiku kucha ni fujo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Baba Katekista aliponyamaza nilipomsimulia. Ipo dawa ya hospitali inayotibu kwa njia ya nyongo, nayo hufanya kinyume chake kabisa. Haiongezi nyongo, bali huishika na kuitoa nje. Ni unga au kidonge kisichoingia katika damu. Hukaa utumboni, hukamata asidi za nyongo, hutoka nazo chooni. Ini likiona mashua hazirudi, hulazimika kutengeneza nyingine, na kwa kazi hiyo huchota kolesteroli katika damu. Dawa ya kale ya namna hiyo, kolestiramini, ilijaribiwa Marekani kwa wanaume 3,806 wenye kolesteroli nyingi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1984: waliotumia dawa walipatwa na mashambulio ya moyo na vifo vyake kwa uchache, pungufu ya 19 katika 100 wakilinganishwa na wenzao. Kisha ikaonekana kwamba ndugu mdogo wa dawa hiyo, kolesevelamu, hushusha pia sukari kidogo, na mwaka 2008 Marekani ikaruhusu itumiwe kwa ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Si dawa kubwa, wala haichukui nafasi ya vidonge vya kawaida au insulini. Naitaja kwa sababu moja tu: waganga wakitaka kumsaidia mgonjwa kwa njia hii, huondoa nyongo. Mzee wangu alikuwa akiiongeza.

Tena kuinywa kuna hatari. Katika nchi za Asia wapo watu wanaokula vifuko vya nyongo vya samaki wa jamii ya kapu, wakidhani vyaponya macho au kuleta nguvu, na wengi wameishia hospitalini, ini na mafigo yakiwa yameharibika. Hata Marekani watu walipatwa hivyo mwaka 1991 na mwaka 1994. Nyongo ya mbuzi si ya samaki yule, lakini huchotwa kwa kisu cha machinjioni na kunywewa mbichi, na vijidudu haviogopi uchungu. Vijidudu vya homa ya matumbo vyaweza kujificha miaka mingi katika kifuko cha nyongo cha mtu, vikiishi humo kama nyumbani.

Hapa wengine watanikumbusha nyongo ya mamba, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika husemwa kuwa ni sumu ya kuua mtu papo hapo. Mwezi wa Januari 2015, huko Chitima katika nchi ya Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji katika matanga. Neno la kwanza lililotembea lilikuwa: nyongo ya mamba! Uchunguzi ulipofanyika, mwuaji alikuwa sumu iliyotengenezwa na vijidudu katika unga wa mahindi ulioharibika. Naitaja habari hii nione kama tutapata fundisho la pande zote mbili. Tukiipenda nyongo twaifanya dawa ya kila kitu. Tukiichukia twaifanya sumu ya kila kitu. Na unga mbovu umekaa ghalani bila kuulizwa.

Limebaki jambo la chakula, na hapa sitaki kupita upesi, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapoweza kutenda.

Nimesema dawa ile hukamata nyongo utumboni. Vyakula vingine vina nguvu ya namna hiyo, ingawa ni ndogo zaidi. Nyuzinyuzi za maharagi, za majani na za matunda hushika sehemu ya asidi za nyongo na kutoka nazo. Tena huwalisha vijidudu vyema vinavyokaa katika utumbo mpana. Vijidudu hivyo navyo hugusa nyongo: asidi chache zinazofika kwao huzibadilisha kuwa aina nyingine, na aina hizo zikiwa nyingi mno hudhaniwa kuudhuru utumbo na kusaidia kuleta saratani. Kwa hiyo unacholisha vijidudu vyako leo chaweza kubadili nyongo yako kesho.

Haya si maneno ya kufikiri tu. Watafiti walioongozwa na Stephen O'Keefe wa chuo kikuu cha Pittsburgh walichukua Wamarekani weusi 20, na Waafrika 20 wa vijiji vya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula majuma mawili. Wamarekani wakala kama wanakijiji wa Afrika: nyuzinyuzi nyingi, mafuta na nyama kidogo. Wanakijiji wakala kama watu wa miji ya Marekani: nyama na vya kukaanga. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika majuma mawili tu, vijidudu vya Wamarekani vilipunguza kutengeneza zile asidi za nyongo zinazoogopwa, na alama za hatari ya saratani katika utumbo wao zikapungua. Kwa wanakijiji mambo yakaenda upande mwingine. Majuma mawili! Saumu yetu ya Kwaresima ni ndefu kuliko hapo.

Nikiisoma habari hiyo nalifikiri meza zetu. Mtu akipata mshahara Bukavu au Lubumbashi, mwezi wa kwanza aacha maharagi, mwezi wa pili aacha sombe, akisema ni chakula cha kijijini. Mahali pake huja mkate mweupe, soda, na nyama iliyoogelea katika mafuta. Nasi walimu tumo. Nimemwona mwanafunzi akificha chakula alichofungiwa na mama yake, maharagi na ndizi, kwa kuona haya mbele ya mwenzake mwenye biskuti. Laiti angejua ni yupi kati yao aliyebeba tajiri!

Lakini nisiwadanganye kwa kusifu cha kwetu bila kipimo. Sombe ni njema, ila sombe iliyozamishwa katika mawese ni mafuta yenye majani. Na bugali wa muhogo, hata ukiwa ni chakula cha mababu, hugeuka sukari mwilini. Mwenye ugonjwa huu apunguze donge lake na kuongeza mboga na maharagi kando. Mababu walikula donge kubwa, kisha wakalima mpaka jua likazama. Mimi nakula donge lile lile, kisha nasahihisha madaftari.

Tena chakula hakiondoi vidonge. Mtu aliyekwisha kupewa dawa ya sukari asiache kwa sababu amesoma gazeti, wala kwa sababu anajisikia vizuri. Sukari iliyozidi haiumi kama jino. Hufanya kazi kimya katika macho, mafigo na mishipa ya miguu, na mtu huja kustuka kidonda cha kidole kimekwisha kuwa cha mguu. Kama wataka kujua, usitazame ulimi wako wala uchungu wa dawa. Pimwa asubuhi kabla ya kula. Ikifika miligramu 126 katika desilita moja ya damu, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa sukari.

Baba Katekista alikwenda siku ile ya Jumatatu, nami nilimsindikiza kwa kuwa sikumwamini sana. Walimpima, wakakuta imepita 300. Mganga kijana aliyempokea hakumkemea. Alimwuliza tu kwa nini aliona nyongo inamfaa, na mzee akajibu kwamba tangu aanze kuinywa alikuwa hana hamu ya kula asubuhi nzima, akadhani ugonjwa unatoka. «Baba,» kijana akamwambia, «si ugonjwa uliotoka, ni chakula kilichokosa kuingia.» Wakacheka wote wawili. Akamrudishia vidonge, akampa siku ya kurudi, akamtazama nyayo zote mbili kidole kwa kidole.

Njiani tukirudi mzee alikaa kimya mpaka tulipofika kwenye daraja. Kisha akaniuliza: «Na mbuzi wa Krismasi, mwanangu? Nyama yake naruhusiwa?»

Nikamwambia nyama kidogo yaruhusiwa, na maharagi mengi kando yake, ila nyongo awaachie mbwa.

«Nilikwisha kujaribu,» akasema. «Mbwa walikataa.»